Divai Ndani ya Chupa ya Maji

Nyanya alipovuka mpaka kutoka Kakamega kuja kuishi nasi Nateete, mjini kwa Waganda, alibeba mfuko mmoja wa nguo, kuku aliyefungwa miguu, na Bikira Maria aliyeviringishwa kwenye kitambaa cha kichwa. Kuku tulimla kesho yake. Bikira Maria ndiye aliyetupa kazi.

Mama alimpokea vizuri, kwa sababu Nyanya ni mamake Baba, na mkwe ni mkwe hata mkiwa mmehama nchi. Alimchemshia maji ya kuoga, akamkalisha kwenye kiti kinachoelekea televisheni. Lakini sanamu ilipofunguliwa na kusimamishwa juu ya meza ya sebuleni, Mama aliitazama kama anavyotazama viatu vyangu vya shule vikiwa juu ya kochi.

"Mama," akasema kwa upole wote, "huyo tumpeleke chumbani akapumzike."

"Nani amekwambia amechoka?" Nyanya akauliza.

Baba alicheka peke yake, kisha akakumbuka yuko wapi, akanyamaza. Baba alibatizwa Mkatoliki, akaoa mlokole, na tangu hapo Jumapili yake ni ya kulala. Anasema mtu anayeuza ndoo na beseni wiki nzima ameshasalimiana na watoto wa Mungu wa kutosha.

Basi Maria akaja chumbani kwangu, kwa kuwa mimi na Nyanya tulilala chumba kimoja. Nilimpa nafasi kwenye rafu, kati ya mafuta yangu ya ngozi na vitabu vya kemia. Siku za kwanza nilimgeuza aelekee ukutani kila nilipobadilisha nguo. Nyanya akanikuta.

"Mwache," akasema. "Huyo ni mwanamke, na amezaa. Huna kitu ambacho hajakiona."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini nikaacha kumgeuza.

Mimi si mtu wa maneno. Shuleni, nikiwa sasa Sinia Tatu, yaani kidato cha tatu, kuna walimu ambao bado huniandika sipo ilhali nimekaa mbele yao. Nyumbani ukimya wangu ulikuwa na faida yake. Mama alikuwa akikata sukumawiki ananieleza mimi kwa nini sanamu haifai, na Nyanya alikuwa akipaka mguu dawa ananieleza mimi kwa nini Maria anafaa, na kila mmoja alidhani niko upande wake kwa sababu niliitikia kwa kichwa.

"Mariamu alikuwa mama mzuri, hakuna anayebisha," Mama alikuwa akisema. "Chombo kizuri. Lakini mlango wa Mungu uko wazi. Kwa nini utafute mtu wa kukupigia hodi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wewe ukitaka viatu," Nyanya alikuwa akisema, "unamwendea baba yako moja kwa moja?"

"Hapana, Nyanya. Naenda kwa Mama, naye anakwenda kwa Baba."

"Basi."

Nikaitikia kwa kichwa tena. Sikuwa nadanganya. Kila mmoja nilimwamini wakati anaongea. Hiyo ndiyo shida yangu, naamini sauti iliyo karibu.

Kuna siku wasichana wenzangu wa kwaya ya kanisa la Mama walikuja kufanya mazoezi nyumbani, na nikajua watataka kuona chumba changu. Nilimchukua Maria upesi nikamtia kwenye droo ya chini, kati ya soksi na chupi. Walipoondoka nikasahau. Jioni Nyanya akatafuta tasbihi yake, akafungua droo. Alimfuta kwa kiganja, akamrudisha kwenye rafu, akasogeza mafuta yangu kidogo ili nafasi itoshe. Afadhali angenichapa.

Jumapili zetu zilikuwa mbili ndani ya moja. Asubuhi mapema nilimsindikiza Nyanya kupanda kilima cha Lubaga, kwenye misa ya Kiganda. Kiganda chake kilikuwa cha kununulia nyanya sokoni, lakini hakupotea hata mahali pamoja. Watu wakiitikia Kiganda yeye anaitikia Kiswahili, na wanamaliza pamoja. "Misa ni misa," alisema. "Ni kama kutwanga, huhitaji kujua jina la mchi."

Wakati wa komunyo mimi nilibaki kwenye benchi, maana sikuwahi kufundishwa huko. Yeye alienda, akarudi amefumba mdomo, amefunika uso kwa viganja, na hapo hata ukimwambia nyumba inaungua hajibu mpaka amalize. Nilikuwa namtazama kwa pembeni. Sijawahi kuona mtu ameshiba kwa kitu kidogo hivyo.

Halafu nilimrudisha nyumbani nikakimbilia kanisa la Mama, lililo juu ya duka la misumari na rangi, karibu na soko. Huko, Jumapili ya kwanza ya mwezi ni Meza ya Bwana. Kuna sinia za vikombe vidogo vya plastiki, juisi ya zabibu iliyochanganywa na maji, na biskuti zilizovunjwa vipande. Unapewa chako, unashika, unangoja mpaka kila mtu awe nacho, pasta anaomba, mnakunywa kwa pamoja. Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha kuosha vikombe. Nilijichagulia kazi hiyo kwa sababu kikombe hakikuulizi kitu.

Pasta hufundisha kwamba juisi ni ishara. Ukumbusho. Ibada ikiisha, vikombe visivyoguswa tunavimimina kwenye jagi, na sisi wa kikundi tunakunywa tukiwa tunaosha, na biskuti zilizobaki tunatafuna. Nimewahi kunywea chapati. Hakuna aliyenikemea, wala mimi sikuona kosa.

Siku moja nilimsimulia Nyanya hayo, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alinieleza kwamba kule nyumbani, upande wa Kakamega, yeye ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare, tangu Baba akiwa mtoto mpaka magoti yalipoanza kumsumbua. Vitambaa vile vidogo ambavyo padri hufutia kalisi, kile kikombe cha divai. Havitupwi tu kwenye beseni na nguo nyingine. Unavisuuza kwanza peke yake, na yale maji ya kwanza humwagi kwenye mtaro. Unayamwaga kwenye udongo safi, pasipokanyagwa na watu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huenda kuna tone." Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini mtoto mchanga hushikwa shingo. "Ya kwenu ni ukumbusho, sawa. Yetu ni Yeye mwenyewe."

"Na ikoje, Nyanya? Divai yenyewe?"

"Nitajuaje? Kwetu padri ndiye anayekunywa. Sisi tunapewa mkate, na wametufundisha kwamba Kristo yumo mzima ndani yake, hakupungua. Naamini." Alinyoosha mguu wake mbaya, akaukanda kanda. "Lakini vile vitambaa nilikuwa navinusa. Miaka hiyo yote nimenusa tu. Nitakufa sijaonja."

Alisema kwa utani. Ni mimi niliyelichukua neno hilo nikaenda nalo.

Baadaye kidogo goti lake lilivimba. Kilima cha Lubaga kikawa mbali kama Kakamega. Hatukuwa tumejiandikisha popote ili mtu amletee komunyo nyumbani, na Nyanya hakutaka kumsumbua Mama kwa jambo hilo. Jumapili zikapita. Alikaa kitandani na tasbihi yake, na akiulizwa kama amekula anajibu, "Chakula nimekula." Nilijua maana ya jibu hilo.

Jumapili ya Meza ilipofika nilimimina vikombe kwenye jagi kama kawaida, na wenzangu walipogeuka nikajaza juisi kwenye chupa yangu ya maji, ile ya shule, yenye mfuniko wa bluu. Sikuwa na hofu. Nilikuwa nafurahi. Nilijiona kama nimepata wazo zuri kuliko watu wazima wote.

Mama alibaki kwenye kikao cha kina mama. Nikakimbia nyumbani nikamkuta Nyanya ameketi mlangoni kwetu, kwenye kigoda.

"Nyanya, nimekuletea divai."

Aliitazama chupa. Akanitazama mimi. "Ya kwa mama yako?"

"Ndiyo."

"Imeombewa?"

"Ndiyo. Pasta ameiombea. Ilikuwa mezani."

Aliendelea kuitazama chupa, mpaka furaha yangu ikaanza kupoa. Nikaona jinsi chupa ilivyo chafu kwenye shingo. Nikaona ile alama ya wino niliyochora darasani. Nilitaka kusema niache, nitaimwaga, lakini maneno yangu hayaji haraka.

Nyanya alijikaza akasimama. Alivaa kitambaa chake cha kichwa vizuri. Akafanya ishara ya msalaba, akachukua chupa kwa mikono miwili, akanywa polepole mpaka mwisho. Halafu akatia maji kidogo ndani, akaitikisa, akaenda akichechemea nyuma ya jiko, kwenye mgomba wa mwenye nyumba, akayamwaga kwenye shina lake.

"Asante, mama," akaniambia. Huniita mama akiwa amenipenda sana.

Nililala nikijiona mtakatifu.

Goti likapungua uvimbe, tukarudi Lubaga. Watu wakaanza kusimama kwenda kupokea. Nyanya akabaki ameketi. Wanawake wa benchi letu wakapita mbele ya magoti yake wakisema samahani, samahani, naye akajibana kuwapisha. Nilidhani ni mguu. Jumapili iliyofuata tena akabaki, ilhali alikuwa amepanda kilima bila kupumzika. Hakufunika uso. Alitazama tu wale waliokuwa wakirudi, mmoja mmoja, vile mtu anavyowatazama wanaotoka kisimani.

Tukiwa tunashuka nilijilazimisha kuuliza.

"Nyanya, mbona hupokei?"

"Siwezi. Bado."

"Kwa sababu ya nini?"

Alikuwa akitembea ameshika bega langu, na sikuuona uso wake. "Ukiwa wa meza ya kwetu hushiriki ya pengine. Nimefundishwa hivyo tangu mdogo, na nimewafundisha wengine. Nami nilinywa. Lazima niungame kwanza."

Nilisimama hapo hapo barabarani, pikipiki ikatupigia honi.

"Nyanya, lakini ni mimi niliyekupa!"

"Ulinipa. Mimi ndiye niliyekunywa."

"Kwa nini hukukataa?"

"Ningekataa vipi?" Akafikiri. "Ningesema ni juisi tu, ningekuwa nimemtukana mama yako na kanisa lake, na wao walimwita Mungu pale. Ningeimwaga, ningeumwaga moyo wako." Tukaenda hatua kadhaa. "Na tena nitasema kweli. Nilitaka. Shetani hakuwa na kazi kubwa."

Sasa ndipo nikaelewa kwamba alikuwa na tatizo lingine. Kuungama kwake alikuwa akikufanya kule nyumbani Kakamega, anaposafiri Krismasi na Pasaka. Hapa mapadri wanasikiliza Kiganda na Kiingereza. Nikamwambia aseme kwa Kiswahili tu, Mungu atasikia.

"Mungu alishasikia siku ile ile. Nataka mtu anisikie. Nikimwambia asiyeelewa nitakuwa nimeungama kwa ukuta." Akacheka kidogo. "Nitangoja Krismasi. Nikifa kabla yake, basi, nitamweleza mwenyewe huko."

Alisema hivyo kama anayesema huenda mvua itanyesha.

Kuanzia hapo nilibeba jambo hilo kila mahali. Darasani, kwaya, chooni. Mtu aliyekuwa na kitu kimoja tu anachokipenda wiki nzima, nami nimemnyang'anya nikidhani namwongezea. Siku ya kuosha vikombe nilishindwa kunywa mabaki. Nilimwaga yangu kwenye sinki, kisha nikakumbuka maji ya kwanza na udongo safi, nikasimama nikiitazama sinki kama mjinga, mwenzangu akaniuliza kama nimeona mende. Nyumbani nikaanza tena kumgeuza Maria aelekee ukutani. Safari hii si kwa ajili ya nguo.

Nyanya hakunilaumu hata mara moja. Ila jioni moja, akiwa ananisuka, alinisimulia habari za harusi ya Kana, kama vile hazinihusu. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kanisani kwa Mama, na kule muujiza ni wa Yesu, wengine wote ni wageni waalikwa. Nyanya yeye alisimama kwa Maria.

"Aliona wenyeji wameishiwa divai, kabla wao hawajaaibika. Akafanya nini?"

"Akamwambia Yesu."

"Alienda kutafuta divai mwenyewe?"

Nikainamisha kichwa, akakiinua tena.

"Hakubeba hata mtungi," akasema, akivuta nywele kwa nguvu kidogo. "Aliona, akasema kwa anayehusika, basi. Watu wanadhani kusema ni kazi ndogo."

Kwangu si kazi ndogo. Ningeona rahisi kubeba mitungi yote sita kuliko kufungua mdomo. Kumpelekea chupa ilikuwa rahisi kwa sababu haikudai nizungumze na mtu yeyote. Ningemwambia Mama siku ile ile kwamba Nyanya ana njaa ya komunyo, huenda angenuna siku mbili, lakini angetafuta gari.

Kuna msichana darasani mwetu ambaye baba yake ni askari magereza. Wanakaa kwenye kwota za askari kule Luzira, karibu na bandari ya Port Bell. Nilimsikia akilalamika kwamba kwao hata misa ni ya Kiswahili, kwa sababu askari wametoka kila kabila na lugha yao ya kazi ndiyo hiyo, na padri wao ni Mkongomani ambaye Kiganda hakijui kabisa. Nilimuuliza maswali mawili. Alishangaa kuniona naongea.

Luzira na Nateete ni pande mbili za mji. Nyanya asingeweza kwenda huko kwa miguu yake, wala mimi nisingeweza kumpeleka kwa pikipiki. Nikaenda kwanza kwa Baba, dukani, akiwa anapanga beseni.

"Baba, Nyanya anataka kwenda kwa padri Luzira."

"Mwambie mama yako," akasema bila kugeuka.

"Lakini ni mama yako wewe."

"Ndiyo maana nakwambia umwambie mama yako."

Basi nikamwendea Mama Jumamosi asubuhi, jikoni, akiwa anasukuma chapati. Nilisimama kwenye mlango mpaka akasema, "Ama uingie ama utoke, unanizibia mwanga."

"Mama, Nyanya hapokei komunyo."

"Hiyo ni habari njema au mbaya?"

"Ni mimi. Nilimletea juisi ya Meza. Kwenye chupa yangu. Akanywa, na sasa kwao hawezi kupokea mpaka aungame, na hapa hakuna wa kumsikiliza, na anasema atangoja Krismasi, na..." Hapo nikaanza kulia, na nikilia huwa siishii katikati.

Mama aliweka chini kifimbo cha kusukumia. "Ulichukua Meza ya Bwana ukaitia kwenye chupa ya maji?"

"Mabaki."

"Mabaki! Sisi tunakunywa mabaki palepale, hatuyapeleki matembezi." Akajifuta unga mikononi. "Kimya kingi kina mshindo. Mtoto haongei, haongei, kumbe anaendesha kanisa lake humu ndani."

Nililia zaidi. Nilitaka anichape, tumalize. Badala yake aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Alikunywa yote?"

"Yote. Halafu akasuuza chupa, maji akayamwaga kwenye mgomba, pasipokanyagwa."

Mama alichukua donge la unga, akaanza kulisukuma, akaliacha. Kwa muda mrefu alikuwa anautazama mgomba ule kupitia dirishani. Hata sisi tunaoiombea juisi hatujawahi kuifanyia hivyo. Sijui kama ndicho alichokuwa akiwaza. Mimi ndicho nilichowaza.

"Kamwambie avae," akasema.

Alimpigia simu jirani yetu mwenye gari. Nyanya alitoka amevaa gauni lake la kijani na kitambaa cheupe, hajaelewa vizuri. Mama akamfungulia mlango wa mbele. "Mama, twende kwa padri wako. Leo mimi ni mkongojo tu, msiniulize maswali."

"Mkongojo mzuri huo," Nyanya akasema, akaingia.

Langoni kwenye kwota askari mmoja mrefu, mtu wa kaskazini, alituinamia dirishani.

"Jambo, mama. Munaenda kwa nani?"

"Kwa padri," Mama akajibu, na nikaona ilimgharimu.

"Padri iko. Lakini mufungue hiyo mufuko." Nyanya akafungua. Askari akachungulia, akavuta tasbihi kwa kidole kimoja, akatabasamu. "Aa, Rozali. Pita, mama muzee. Utuombee na sisi, kazi iko mingi."

Kanisa lao ni dogo, la matofali, na benchi zimepakwa rangi ileile ya kijani ya milango ya nyumba za askari. Padri alikuwa ameketi pembeni, kwenye kiti cha plastiki, na kingine mbele yake. Nyanya akampa Mama mkoba wake na tasbihi amshikie, kwa haraka, kama unavyompa mtu aliye karibu, akaenda. Mama akabaki na ile tasbihi imemning'inia mkononi. Alitazama huku na huku apate pa kuiweka. Hakukuwa na mahali, benchi zilikuwa na vumbi. Mwishowe akaikunja ndani ya kiganja na kufumba vidole.

Pembeni yetu kulikuwa na sanamu ya Maria, kubwa kuliko yetu, pua imemeguka. Sikuweza kuitazama. Nilimtazama Nyanya kwa mbali, jinsi alivyokuwa ameinama na mkono wake ukieleza eleza. Wakati mmoja padri alitikisika mabega. Nilijua wamefika kwenye chupa yenye mfuniko wa bluu.

Misa ilifuata. Tulikuwa wachache sana, wake wa askari na watoto wao. Wakati wa komunyo ulipofika padri akasema kwa Kiswahili chake cha Kikongo kwamba leo tuko kidogo, tutachovya.

Sikuelewa mara moja. Nyanya alielewa. Alisimama haraka mno, goti likamsaliti, na Mama akamdaka kwenye kiwiko. Wakaenda wote wawili njia ya katikati, Mama akiwa na mkoba begani na tasbihi mkononi, akinyoosha shingo kama mtu anayeogopa kuonwa na jirani. Padri alichovya hostia, ule mkate mwembamba, kwenye kalisi ya divai, nikaona ukingo wake umegeuka rangi. Nyanya akafungua mdomo.

Kisha padri akamtazama Mama. Mama akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa. Padri hakusita, aliinua mkono akambariki, na Mama, kwa mazoea, akaitika "Amina!" kwa sauti ya kanisa letu la juu ya duka, mpaka watoto wa askari wakageuka kutazama.

Nyanya alirudi akafunika uso. Nami nililia tena, kimya safari hii, kwa sababu nilikuwa nimemkosesha jambo hilo wiki hizo zote na hakuna aliyenidai.

Tukarudi na gari mpaka tukaingia kwenye foleni ya Barabara ya Jinja. Hapo Nyanya akasafisha koo.

"Ni kali."

"Nini, Mama?"

"Divai. Nimenusa miaka yote nikidhani ni tamu. Inauma ulimi." Akatafakari, akautazama mji nje. "Ile ya mtoto ilikuwa tamu kuliko hii."

"Mama!" Mama akaruka kwenye kiti cha nyuma. "Tugeuze gari turudi tena?"

Dereva alicheka mpaka akakosa zamu yake kwenye foleni. Nyanya alicheka akijifuta macho. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile lilinichoma mahali, kwa sababu nilijua bado ananikingia kifua.

Tulipofika nyumbani Mama aliingia chumbani kwetu kuweka mkoba. Nilikuwa nyuma yake. Alifungua kiganja, tasbihi ilikuwa imemwachia alama nyekundu, akaitandaza vizuri juu ya mto wa Nyanya. Kisha akaona rafu.

"Nani amemgeuza huyu ukutani?"

Nilidhani nikinyamaza atajibu mwenyewe, kama kawaida. Hakujibu. Alingoja.

"Ni mimi," nikasema.

"Mgeuze. Nyumbani kwangu mgeni hatazamishwi ukuta."

Yeye hakumgusa. Nikapita mbele yake, nikamgeuza kwa mikono miwili. Chini yake kwenye rafu kulikuwa na duara safi, na pembeni vumbi. Mama alisimama kidogo zaidi, kisha akarudi kwenye chapati zake.